Nani Alipeleka Habari za Breki

Mama Rehema alifariki alfajiri, na kufikia alasiri alikuwa amekwisha zikwa, kama ilivyo desturi ya Waislamu, kwa hiyo mimi niliyetoka Malaba nikisumbuliwa na magoti nilikuta wanaume wanarudi kutoka makaburini wakiwa na udongo kwenye viatu. Nilikaribishwa ndani pamoja na wanawake, nikakalishwa kwenye mkeka katika kile chumba cha mbele ambamo siku hizi zinauzwa vocha na chaja za simu. Walikuwa wamesukuma kabati la kioo hadi ukutani ili watu wapate pa kukaa. Msichana mmoja, nadhani ni kitukuu, aliniletea chai akaniuliza mimi ni nani kwa marehemu. Nikamwambia niliwahi kuishi hapa. "Zamani?" akauliza. Nikasema ndiyo, zamani, hata kabla mama yake hajazaliwa. Hakuuliza tena, nami nilishukuru, maana sikuwa na jibu fupi. Niliishi katika nyumba ile mwaka mmoja tu, na katika mwaka ule nilijifunza kumtazama kila mtu mara mbili. Sijaweza kuacha.

Habari za kwetu Moding, za wazazi wangu na za shule, nitaziweka kando. Nilifika Busia miaka michache baada ya uhuru, msichana anayejua kusoma, kuandika na kuhesabu, na Mzee Ramadhani akaniajiri kukata tiketi za basi lake. Mshahara ulikuwa mdogo lakini ulikuja na chumba na chakula. Chumba changu kilikuwa nyuma, kimetengwa na chumba chao kwa ukuta wa mabati ambao haukufika juu, na kilinuka dizeli na bizari kwa wakati mmoja. Asubuhi nilikaa kwenye dirisha la mbele na vitabu vya tiketi. Basi lilianzia Malaba, likingoja abiria wa treni, likapitia kwetu Busia, kisha Bumala, hadi Kisumu. Lilikuwa na bodi ya mbao, limepakwa rangi ya kijani, na juu ya kioo cha mbele limeandikwa REHEMA kwa herufi nyeupe. Rehema alikuwa mtoto wao wa kwanza, aliyekufa kwa surua kabla mimi sijafika. Mzee aliponunua basi alimwambia mkewe alipe jina analotaka, naye akalitaja jina hilo palepale, kama mtu aliyekuwa amelishikilia mdomoni muda mrefu. Tangu hapo, mtu akisema "Rehema amechelewa leo" au "Rehema amejaa," Mama Rehema aliinua kichwa kidogo. Nilimwona mara nyingi. Hakuna mwingine aliyeonekana kuliona jambo hilo.

Lazima nieleze leseni ilikuwa nini siku hizo, maana wajukuu wangu wanadhani mtu hununua gari tu akaanza kubeba watu. Serikali ndiyo iliyoamua nani abebe abiria, katika njia ipi, kwa nauli ipi. Palikuwa na bodi iliyozunguka wilaya hadi wilaya ikisikiliza maombi mbele ya watu. Ukipewa njia, njia ni yako, na mwingine akibeba abiria humo bila kibali polisi wanamkamata. Na kila leseni ilipokwisha muda ulirudi mbele ya bodi, na mtu yeyote aliruhusiwa kusimama kupinga. Mzee Ramadhani aliipata njia yake uhuru ulipoingia. Alikuwa amezunguka mpaka huu tangu ujana wake akiuza chumvi na nguo, na alijua kwamba miaka michache nyuma mtu kama yeye asingeruhusiwa hata kuketi katika ukumbi ule. Kwa hiyo aliitundika leseni ile ukutani ndani ya kioo, pale ambapo wengine wanatundika picha ya harusi, na kwa sababu aliipenda sana aliishi akihofu kunyang'anywa. Palikuwa na kampuni kubwa ya mabasi kule Kisumu, iliyokuwa na njia karibu zote za Nyanza, na kila mtu alijua kwamba inaitamani hii yetu.

"Ukikata tiketi, angalia viatu," Mzee alinifundisha. "Mtu wa serikali atavaa kofia ya mkulima, atabeba kuku hata, lakini viatu hawezi kubadilisha."

Basi niliangalia viatu. Niliangalia viatu mpaka nikawajua abiria kwa viatu kuliko kwa sura. Ng'ambo, Uganda, siasa zilikuwa zimechacha, watu walivuka na mizigo isiyoeleweka na maneno yasiyoeleweka, na askari wa pande zote mbili walikuwa wameanza kuuliza maswali ambayo zamani hawakuwa wakiuliza. Ilikuwa rahisi sana kumshuku mtu.

Aliyeshukiwa kuliko wote ni Bwana Mutiso, mkaguzi wa magari. Aliletwa Busia kutoka mbali, hakuwa na jamaa hapa, akapanga chumba katika hoteli iliyotazamana na nyumba yetu. Alikuwa mwembamba, mpole, na suruali yake ilikuwa na kiraka nadhifu gotini. Kila asubuhi alivuka barabara akanunua chai na mandazi kwa Mama Rehema, aliyekuwa akiuzia kwenye baraza, na kila asubuhi alilipa. Hilo ndilo lililotutisha. Wakaguzi waliotangulia walikunywa bure na kula bure, na mwisho wa mwezi walijaziwa petroli. Tuliwajua wanataka nini. Huyu alilipa, akasema asante mama, akakaa kimya akitazama basi likipakia. "Anataka kitu kikubwa," Mzee alisema jioni tukila. Tulikuwa na ugali wa muhogo na mtama, na samaki wa Budalang'i aliyeungwa kwa nyanya. "Mtu anayekataa chai ya bure, huyo ametumwa na watu wa Kisumu." Wandera, dereva wetu, ambaye alikula nasi siku alizolala Busia, alicheka akasema labda mtu huyo anapenda tu kulipa. Mzee hakucheka. Alimtazama Wandera kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mama Rehema akampa mumewe kichwa cha samaki, na mazungumzo yakageuka.

Wandera alikuwa mtu wa Bumala, kijana mrefu mwenye sauti ya chini, na alikuwa na tabia ya kuzunguka basi zima akiligusa kabla hajalipanda, kama mtu anayenunua ng'ombe. Nilimpenda kama kaka. Kuna siku kila baada ya muda alilipeleka basi uani, geti linafungwa, na shemeji yake Mzee, yaani kaka yake Mama Rehema, anakuja kutoka Malaba na lori lake la mizigo. Jambo hilo lilifanyika mchana, baada ya swala ya adhuhuri, magurudumu yanavuliwa yote, vyuma vinalia, na watu hawaongei. Mimi niliambiwa gari linafanyiwa huduma. Siku iliyofuata basi linapelekwa kukaguliwa, linapita, karatasi inapigwa muhuri. Siku nyingine tena lori linarudi, geti linafungwa upya. Sikujua habari za magari, na kitu ninachokumbuka hasa ni Mama Rehema akiwa ameketi kwenye ngazi ya jikoni akichambua mchele, macho yake hayako kwenye mchele.

Kisha ikaja ile siku ya soko Bumala. Nilikuwa dirishani watu waliporudi kwa miguu na kwa baiskeli, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na habari yake. Basi lilishuka ule mteremko wa kuingia sokoni na halikusimama. Wandera aliligongesha kwenye ukingo wa barabara ili lipunguze mwendo, likaingia kwenye vibanda vya pembeni, likasimama kwenye magunia ya viazi. Abiria walitoka salama. Lakini mama mmoja wa Budalang'i aliyekuwa ameketi na samaki wake wa kukaushwa alipondwa mguu. Wandera alirudi jioni akiwa na damu ya huyo mama kwenye shati, maana ndiye aliyembeba. Kupitia ule ukuta wa mabati nikamsikia kwa mara ya kwanza akipandisha sauti mbele ya Mzee.

"Mimi nilikuambia, Mzee. Hizo breki za shemeji zingebaki kwa gari letu. Zinakaa siku moja tu, zinaonyeshwa serikali, zinarudi Malaba. Watu tunabeba na nini?"

"Punguza sauti."

"Watu tunabeba na nini?"

"Nikishapata pesa za mavuno ya pamba nitanunua mpya. Nimeshasema. Unataka tusimamishe gari? Tukisimamisha wiki moja, wale wa Kisumu wataambia bodi njia haina gari. Hapo tumekwisha, mimi na wewe na huyo binti."

Ndivyo nilivyojua lori lilikuwa likileta nini na kuondoka na nini. Nililala macho wazi. Polisi waliandika kwamba dereva alikuwa na mwendo wa kasi, Wandera akapelekwa mahakamani, Mzee akamlipia faini, na basi likapakwa rangi pale lilipochubuka.

Siku chache baadaye Mama Rehema alipika uji wa wimbi, akaumimina kwenye chupa ya chai, akaniambia nimsindikize hospitali. Hakumwambia mumewe. Wodi ilikuwa ndefu, madirisha yake ya juu, na inanuka dawa ya kufulia. Yule mama alikuwa kitanda cha mwisho, na shuka lilikuwa limelala bapa pale ambapo mguu ungekuwa. Alikuwa mchangamfu kuliko nilivyotegemea. Alikunywa uji, akausifia, kisha akatuuliza sisi ni wa nani.

"Sisi ni wa Rehema," Mama Rehema akasema.

Yule mama hakukasirika. Alituangalia kwa zamu, akasema, "Kumbe ndiyo jina la gari. Mimi sijui kusoma. Nilisikianga tu watu wanapiga kelele, Rehema! Rehema! Nikafikiria wananiombea."

Nilitazama sakafu. Mama Rehema aliifunga chupa, akaifungua, akaifunga tena. Njiani kurudi hakusema neno hadi tulipofika mahali unapoona mabati ya mji, ndipo akasema, kana kwamba tulikuwa tukizungumza muda wote, "Hakuwa amefikisha hata miaka minne." Nilijua anamsema nani. Sikujua kwamba wakati ule alikuwa tayari ameamua.

Mvua za masika zilipokwisha, Bwana Mutiso alikuja uani bila kuarifu, na polisi wawili. Hakutazama taa, hakutazama honi wala matairi, ambayo ndiyo wakaguzi huanza nayo. Alikwenda moja kwa moja kwenye gurudumu la mbele, akaagiza livuliwe. Halafu la pili. Alichungulia, akapitisha kidole, akainuka akijipangusa kwa kitambaa. "Hili gari lisitoke hapa," alisema, "hadi bodi ikae." Mzee alimfuata hadi getini akimwita bwana mkubwa, akimwambia vyeti anavyo vyote. Mutiso akajibu kwamba aliweke neno hilo akiba, atalisema mbele ya bodi. Na Mzee aliporudi hakututazama usoni. Alisimama pale uani akilitazama lile gurudumu lililolazwa chini. "Amekwenda kama mtu aliyeonyeshwa njia," alisema. "Ni mtu wa ndani."

Sijawahi kuishi katika nyumba kama ile ilivyokuwa tangu siku hiyo. Chakula kilipakuliwa, tukala, na kila mtu alisikiliza mwingine anavyotafuna. Mzee alianza kufunga ofisi kwa kufuli na kunifungulia mwenyewe, ingawa sikuwa na tiketi za kukata. Nikienda sokoni alitaka kujua nimesalimiana na nani. Jioni moja aliniita, akaniketisha, mkewe akiwa hapohapo anashona foronya.

"Binti, huyo Mutiso huwa anakuulizanga nini?"

"Ananiuliza hali, Mzee."

"Hali gani?"

"Hali tu. Habari za asubuhi."

"Na wewe unamjibu?"

"Nitaachaje kumjibu, Mzee? Ni mtu mzima."

"Wewe umesoma," akasema taratibu. "Na mtu aliyesoma ndiye serikali inamwendea."

Niliogopa, si kwa sababu ya hatia bali kwa sababu niliona kwamba lolote nitakalosema litanifunga. Mama Rehema akakata uzi kwa meno. "Mwache mtoto wa watu," alisema. "Huyo hata tofauti ya breki na honi hajui." Mzee akaniruhusu niondoke. Lakini mtu mwenye shaka akiondolewa mtu mmoja anahamia kwa mwingine, na aliyebaki alikuwa Wandera.

Alimwita kesho yake, uani, mbele yetu. Alimuuliza mara moja tu, waziwazi, kama ni yeye aliyepeleka habari kwa mkaguzi. Niliomba moyoni Wandera akane. Angekana tu, kwa sauti yake ile ya chini, nadhani Mzee angeyumba, maana alimpenda. Wandera alitazama basi, akamtazama Mzee, akatazama tena kando. Hakusema ndiyo wala hapana. Mzee alingoja. Kisha akamwambia avue funguo shingoni. Wandera akazivua, akaziweka juu ya ngazi ya jikoni karibu na miguu ya Mama Rehema, akatoka getini akitembea kama mtu anayetoka kanisani. Na Mama Rehema aliendelea kupepeta mchele. Niliichukia mikono ile ilivyokuwa imetulia. Leo, nikiwa na umri mkubwa kuliko aliokuwa nao, narudi mara kwa mara kwenye ungo ule, nikijiuliza mtu anatoa wapi nguvu za kuendelea kupepeta.

Usiku ule, au labda ni mwingine, nilisikia maneno kupitia mabati. Mzee alikuwa akisema hata kama Wandera ameondoka roho yake haijatulia. "Bado naona kama yumo humu ndani."

"Labda yumo," Mama Rehema akasema.

"Ni nani?"

"Utamjua siku atakayotaka umjue."

"Unasema kama unamjua."

"Lala, Baba Rehema."

Bodi ilikaa katika ukumbi wa baraza, karibu na ofisi za wilaya. Watu walijaa hadi madirishani, maana basi letu lilikuwa habari kubwa mpakani kote. Mwenyekiti alikuwa mtu mnene wa suti, mwenye sauti ya upole, na aliteremka kutoka kwenye gari jeusi ambalo mtu mmoja nyuma yangu alinong'ona kwamba ni la meneja wa ile kampuni ya Kisumu. Nilitazama viatu vya meneja na viatu vya mwenyekiti. Vilikuwa vinang'aa sawasawa. Sikujua nifanye nini na jambo hilo, na mpaka leo sijui. Wakili wa kampuni alisimama, akazungumza juu ya usalama wa wananchi, kwa Kiingereza, karani akitafsiri. Bwana Mutiso akasema alichokiona kwenye magurudumu. Ndipo Mzee Ramadhani akasimama na kanzu yake iliyopigwa pasi, na kwa kweli alizungumza vizuri kuliko wote. Alisema breki zinalika kama soli ya kiatu. Alisema zililika wiki ileile na alikuwa akitaka kuzibadilisha. Akaonyesha vyeti vya ukaguzi, kimoja kimoja, vyote vina muhuri wa serikali. "Kama gari langu lilikuwa bovu," akauliza, "serikali ilikuwa inapiga muhuri kwa nini?" Watu walipiga makofi. Hata mimi nilipiga. Alikuwa mtu wetu, na wale wengine walikuwa na gari jeusi, na nilijua kabisa kwamba kwa maneno yale amekwisha shinda, kwa sababu hakuna mtu ambaye angeweza kuonyesha kwamba mihuri ile ilipatikana kwa breki za kuazima.

Mwenyekiti akauliza kama kuna mwingine mwenye pingamizi. Vichwa vyote viligeuka dirishani, ambako Wandera alikuwa amesimama nje, mikono mfukoni. Mzee naye aligeuka. Wandera hakusogea. Nilisikia benchi la wanawake likikwaruza sakafu, nikatazama, na Mama Rehema alikuwa amesimama, anajifunga vizuri mtandio wake.

"Wewe ni nani, mama?" mwenyekiti akauliza.

"Mimi ni mke wake."

Watu wakacheka. Mwenyekiti pia alitabasamu. "Unataka kumtetea mzee?"

"Hapana. Niko na pingamizi."

Kicheko kilikatika. Alisema yote, bila kupandisha sauti, kama anayeeleza jinsi ya kupika kitu. Kwamba breki zinazoonekana siku ya ukaguzi ni za lori la kaka yake wa Malaba. Kwamba zinavalishwa uani kwake, baada ya adhuhuri, na kuvuliwa baada ya muhuri. Kwamba yeye ndiye aliyemwonyesha Bwana Mutiso, alipokuja kunywa chai, ni gurudumu gani atazame na siku gani. Mzee Ramadhani hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya nyumbani, sauti ambayo mle ndani tuliijua mimi na mkewe tu, "Mama Rehema, twende nyumbani."

"Nitakuja," akasema. "Sijamaliza." Akamgeukia mwenyekiti. "Kuna mama Budalang'i hana mguu. Alisikia jina la mtoto wangu likiitwa, akafikiri anaombewa. Mimi sitaki jina hilo liitwe namna hiyo tena." Kisha akaketi.

Leseni ilifutwa kabla ya saa ya chakula. Njia ikapewa kampuni ya Kisumu, "kwa muda," mwenyekiti alisema, na ule muda ulidumu miaka. Kesho yake basi lao likaja, jipya, refu, watu wakatoka kulitazama. Nami nilikwenda. Ubavuni lilikuwa limeandikwa Malaba, Busia, Bumala, Kisumu, kwa rangi nyekundu ambayo nilipoigusa ilikuwa imekauka kabisa, hata vumbi limeshaanza kuingia kwenye herufi. Nilisimama pale muda mrefu. Rangi ile haikupakwa usiku mmoja. Nilimkimbilia Mama Rehema jikoni, nikamwambia kwamba yote yalikuwa yamepangwa, kwamba wangechukua njia hata kama angebaki ameketi, kwamba amewapa tu kisingizio kizuri. Alikuwa anakwaruza sufuria. "Nilijua," alisema. Nikamuuliza alijua tangu lini. "Tangu nilipowaona pale ukumbini wanatabasamu. Lakini Felista, ningefanya nini? Ningengoja mpaka wezi waishe ndiyo niseme breki ni mbovu?"

Kaka yake hakumsemesha tena hadi alipokufa. Mzee hakumfukuza, kama mji mzima ulivyotabiri. Alikaa naye nyumba moja na kwa miezi hakugusa chakula chake. Nilikuwa nampikia mimi, kwenye jiko langu la makaa, anakula ameketi mlangoni pangu bila kunitazama. Alinunua mashine ya kusaga unga, akaiweka uani pale basi lilipokuwa likilala, na basi lenyewe akaliuza chuma kwa chuma. Siku moja ya mwezi wa Ramadhani, wakati wa kufuturu, alipita mlangoni pangu bila kusimama, akaketi kwenye mkeka wa mkewe. Nilisikia kijiko. Baada ya kitambo nikamsikia akisema, "Chumvi imezidi." Mama Rehema akajibu kwamba haijazidi, ni ulimi wake. Nilifunga mlango wangu, nikalia bila kujua kwa nini. Muda si mrefu baadaye nilipata kazi ya kukata tiketi za treni pale stesheni ya Malaba, nikahama.

Aliyeumia hadi mwisho ni Wandera. Ungefikiri kwamba Mama Rehema aliposimama ukumbini alimsafisha, lakini watu hawakuwa tayari kuachana na shaka yao. Walisema mwanamke hawezi kujua mambo ya magurudumu, lazima kuna aliyemfundisha. Walisema Mama Rehema alikuwa anamfichia siri. Wengine walisema mabaya zaidi juu yao wawili. Hakuna mwenye gari aliyempa tena usukani, kutoka Malaba hadi Kisumu. Alirudi Bumala akalima muhogo.

Jioni ile ya msiba, watu walipopungua, niliambiwa kuna mzee nje anataka kunisalimia. Alikuwa ameketi peke yake kwenye kiti cha plastiki, fimbo kati ya magoti, na nilimtambua Wandera kwa sauti yake ya chini kabla ya sura. Tulishikana mikono, tukashindwa kuachana. Tuliongea juu ya watoto, juu ya macho, juu ya bei ya mbolea. Kisha kwa kuwa tulikuwa wazee na wenye nyumba wote wawili walikuwa wamekwenda, nikamuuliza lile ambalo sikuwahi kumuuliza: siku ile uani, kwa nini hakukana?

"Ningekana, Mzee angetafuta mwingine," alisema. "Na mwingine ni nani? Angemfikia."

"Kwa hiyo ulijua ni yeye."

"Nilijua kabla ya Mutiso." Alisogeza fimbo. "Dada Felista, alikuja kwangu kwanza. Baada ya kutoka hospitali. Akaniambia, Wandera, wewe ndiye dereva, wewe watakuamini, sema. Nikamwambia sitaki. Nilikuwa na watoto. Niliogopa Mzee, niliogopa polisi, niliogopa hata yule Mutiso. Akanisikiliza tu, hakunilaumu. Akasema, basi nitasema mimi."

Wapwa wa marehemu walikuwa wakikunja turubai nyuma yetu. Nikamwambia kwamba baadaye, mambo yalipokwisha, angeweza kueleza watu. Miaka hii yote wamemwita mchongezi, na neno moja tu lingemtoa.

"Neno gani?" akauliza. "Kwamba niliombwa nikakataa?" Alitazama mlango wa nyumba, ambako taa ilikuwa imewashwa. "Watu walinichukia kwa jambo jema ambalo sikulifanya. Nikaona afadhali waendelee hivyo. Angalau kwa midomo yao nilikuwa nimelifanya."